Swali la Mtoto ni Amana

Watu wengi hukubali kuwa kumnyima mtoto chakula ni dhambi, na kumnyima nguo ni aibu. Walakini ni wachache wanaojiuliza kama yaweza kuwapo dhambi katika kumpa mtoto jibu. Jibu huhesabiwa kuwa zawadi, na mwalimu huhesabiwa kuwa mtu aliyeajiriwa kuzigawa zawadi hizo. Katika insha hii nimekusudia kulitazama jambo hili upande wake wa pili. Nataka kuuliza kama ni haki kumwambia mtoto neno ambalo angeweza kuliona kwa macho yake, kuligusa kwa mkono wake na kulipima kwa akili yake. Na kama ni haki, ni wakati gani na kwa masharti gani. Swali lenyewe ni la masomo ya sayansi katika shule za msingi, lakini mizizi yake imo katika maadili. Palipo na mtu mzima anayejua na mtoto asiyejua, pana nguvu na unyonge; na kila palipo na nguvu na unyonge, haki haina budi kuulizwa habari zake.

Sitalizungumza jambo hili kama mtu asiye na doa. Nilifundisha sayansi katika shule za msingi kwa miaka mingi, na kosa nitakalolieleza ni langu mwenyewe.

Siku moja nilileta darasani jaribio linalojulikana na karibu kila mwalimu. Nilisimamisha mshumaa katikati ya sahani, nikamimina maji kidogo, nikauwasha mshumaa, kisha nikaufunika kwa bilauri. Mwali ulififia, ukazimika, na maji yakapanda ndani ya bilauri. Watoto 60 walishangilia. Niliwaambia kama nilivyoambiwa mimi: moto umekula oksijeni iliyokuwamo katika hewa, oksijeni ni sehemu moja katika sehemu tano za hewa, kwa hiyo maji yamepanda kujaza mahali palipoachwa wazi. Niliyaandika maneno hayo ubaoni, na watoto wakaanza kuyanakili.

Mvulana mmoja wa safu ya mbele hakuandika. Aliinua mkono, akasimama, akasema, "Mwalimu, naomba kuuliza. Kama moto ndio uliokula hewa, mbona maji hayakupanda wakati ulipokuwa ukiwaka? Yamepanda ulipokwisha kuzimika." Kisha akaongeza kuwa aliona mapovu yakitoka chini ya ukingo wa bilauri nilipokuwa nikiiweka. Niliitazama sahani, halafu nikaitazama saa. Sikuwa na jibu. Badala ya kusema kuwa sina, nilisema, "Andika kilichoandikwa ubaoni." Wenzake walicheka. Aliinamisha kichwa, akaandika. Katika mtihani alipata alama zote za swali lile, maana aliyarudisha maneno yangu bila ya kupunguza hata moja. Mwaka ule hakuniuliza neno jingine.

Miaka kadhaa ikapita. Usiku mmoja umeme ulikatika nyumbani, nami nikawa nimeketi mbele ya mshumaa bila ya kazi. Mvulana yule akanijia moyoni. Nilitafuta sahani, maji na bilauri pana, nikalirudia jaribio langu, safari hii nikitazama kwa macho yake. Ilikuwa kama alivyosema. Bilauri ilipoushukia mwali, mapovu yalitoka pembeni. Mwali ulipokuwa hai maji yalikaa karibu pale pale. Mwali ulipokufa maji yalipanda kwa haraka. Nikafunga uzi kuizunguka bilauri pale maji yalipofika. Kisha nikasimamisha vipande vitatu vya mshumaa chini ya bilauri ile ile. Maji yalipanda yakaupita uzi.

Jaribio hilo la pili linatosha kuyaangusha maneno niliyoyaandika ubaoni. Bilauri ni ile ile, na hewa iliyomo ni kiasi kile kile. Kama oksijeni peke yake ndiyo sababu, mishumaa mitatu isingaliweza kuyapandisha maji kuliko mmoja. Sababu kubwa ni joto. Mwali huipasha hewa moto, hewa hutanuka, na sehemu yake hutoroka kwa mapovu. Moto ukizimika, hewa iliyosalia hupoa na kunywea, nayo hewa ya nje huyasukuma maji kuingia ndani. Oksijeni haiishi yote. Mwali hufa ingali imebaki, na mahali pa ile iliyotumika huingia gesi nyingine na mvuke. Upungufu wa oksijeni huenda ukawa na sehemu yake ndogo, lakini si hesabu ile nyepesi ya moja katika tano niliyowakaririsha watoto. Mvulana aliona sawasawa, na mimi nilisoma vibaya.

Sasa na tuulize: nilimnyang'anya nini mtoto yule? Yasemwe kwanza yaliyo madogo. Nilimnyima ukweli mmoja wa sayansi, na ukweli mmoja wa sayansi waweza kupatikana siku nyingine katika kitabu kingine. Hasara kubwa haikuwa hiyo. Nilimfundisha kuwa jicho likigombana na ubao, ni jicho linalopaswa kunyamaza. Nilimfundisha pia kuwa shule humtuza mtu kwa kusalimu amri, maana alipouliza alichekwa na aliponakili alipewa alama. Mtoto wa miaka kumi akiyaamini mafunzo hayo, hayaachi shuleni. Atakwenda nayo dukani akauziwa mbegu zisizoota, atakwenda nayo kwenye mkataba akatia sahihi asilolielewa, na atakwenda nayo mkutanoni akapiga makofi kwa sababu wengine wamepiga.

Tangu usiku ule nimelifikiri swali la mtoto kwa mfano wa amana. Amana ni mali ya mtu iliyowekwa mikononi mwa mtu mwingine kwa kuaminiana. Anayewekewa hana ruhusa ya kuila, wala kuitupa, wala kuibadilisha kwa kitu cha thamani ndogo. Wajibu wake ni kuihifadhi na kuirudisha kwa mwenyewe. Mtoto aulizapo swali humwekea mwalimu kitu chake cha thamani, yaani kule kushangaa kwake. Mwalimu amchekaye ameitupa amana. Mwalimu amjibuye upesi ili anyamaze ameila. Mwalimu aifunikaye kwa maneno asiyoyajua yeye mwenyewe ameibadilisha kwa fedha ya bandia. Aliyeitunza ni yule amrudishiaye mtoto swali lake pamoja na njia ya kulipima: sahani, maji, mshumaa wa pili, na muda wa kutazama.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulitokea katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka katika jokofu. Nafasi ya jokofu ilikuwa haba. Siku moja mwenzake aliharakisha kuweka maziwa yake bila ya kuyachemsha, na Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, aliweka yake yangali moto. Waliporudi, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia, naye akamjibu kuwa amechanganyikiwa, maana jambo hilo haliwezekani.

Hakuliacha swali lake. Alisikia kwa rafiki aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga kuwa huyo naye huweka mchanganyiko ungali moto ili ugande upesi. Alipoendelea na masomo katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza mwalimu mwingine. Huyu alimwambia kwa dhihaka kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa likaufanya usemi huo kuwa mzaha wa kila siku. Mpemba alilirudia jaribio peke yake kwa maji katika maabara. Kisha Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, alikuja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba alisimama mbele ya wote akauliza swali lile lile. Wenzake walicheka tena. Osborne hakuwa na jibu, na aliona kuwa jambo lenyewe ni gumu kusadikika. Walakini aliahidi kulijaribu. Aliporudi Dar es Salaam alimtaka fundi wa maabara alipime. Fundi alileta habari kuwa maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate matokeo yaliyo sawa. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walilitangaza jambo hilo pamoja katika jarida la elimu ya fizikia la Uingereza, na jina la Mpemba likaingia katika vitabu vya dunia.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kwa namna isiyo kamili. Husemwa kwamba mwanafunzi alikuwa na haki kwa sababu alisema kweli, na waliomcheka walikosa kwa sababu walisema uongo. Lakini jambo lenyewe halijatulia mpaka leo. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima kwa uangalifu mkubwa, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kuwa maji ya moto hutangulia kuganda. Wataalamu wengine huona kuwa katika hali fulani jambo hilo hutokea. Je, kama siku moja itathibitika kuwa Mpemba alidanganywa na jokofu lake, waliomcheka watakuwa wametakaswa? Hasha. Haki ya mtoto haitegemei kuwa jibu lake ni sahihi. Haki yake ni kwamba lile aliloliona lipimwe kabla ya kuhukumiwa. Katika baraza la kadhi mdai hasikilizwi kwa sababu ameshinda. Husikilizwa ili ijulikane kama atashinda. Aliyemhukumu mtu kabla ya kumsikiliza amedhulumu, hata kama hukumu yake baadaye itaonekana kuwa sawa.

Na tazama tena habari ya fundi yule. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwaminifu katika kazi yake, na kwa sababu ya uaminifu wake alitaka kurudia mpaka maji yakiri kile alichofundishwa. Ndivyo tulivyo wengi wetu. Tumezoea kuuliza maumbile swali tukiwa na jibu mkononi, kama mzee amwulizaye mtoto nani kavunja mtungi huku ameshika bakora.

Hapa msomaji mwenye busara atanipinga, na ana haki ya kunipinga. Pingamizi la kwanza ni kuwa mtoto hawezi kuyagundua upya yote yaliyogunduliwa na wanadamu kwa maelfu ya miaka. Maisha ni mafupi. Hatuwezi kumwacha mtoto anywe sumu ili ajue kuwa ni sumu, wala ashike waya wa umeme ili ausadiki umeme. Tena macho hudanganya: kila mtoto huona jua likitembea na ardhi ikisimama. Nayakubali haya yote. Sisemi kuwa kuambiwa ni kosa. Mengi katika yale ninayoyajua mimi mwenyewe nimeambiwa, na ninawashukuru walioniambia.

Nasema jambo jingine, lililo dogo zaidi na lililo gumu zaidi. Mwalimu asichanganye yale tuliyoyaona na yale tuliyoambiwa. Katika lugha yetu twayatenga mambo haya kila siku. Shahidi hawezi kusema "niliona" ikiwa alisikia, na akisema hivyo huitwa mwongo hata kama habari yenyewe ni ya kweli. Kosa langu siku ya mshumaa lilikuwa hilo. Nilisema, kwa namna ya jaribio, kuwa tumeona oksijeni ikiisha, ilhali tulichokiona ni maji kupanda tu, mengine niliambiwa. Lau ningalisema, "Hiki tumekiona, na hiki nimekisoma, na hiki sikijui," mvulana angalipata mahali pa kusimama. Somo moja katika kumi likifundishwa kwa mkono, na tisa kwa maneno yaliyotajwa kuwa ni maneno, nalihesabu darasa hilo kuwa la haki. Hata jua na ardhi vyaweza kuanzwa kwa kijiti kilichochomekwa uwanjani na kivuli chake kutiwa alama kila saa. Mtoto aliyekipima kivuli kwa siku nzima yu tayari kuambiwa lililo gumu kuliko lile aliloliona.

Pingamizi la pili ni la vifaa na kazi. Husemwa kuwa hatuna maabara. Lakini mshumaa, maharage, majivu, kivuli na chupa tupu haviko mbali na shule yoyote. Kadhalika husemwa kuwa watoto wetu tayari wanafanya kazi za mikono. Mwaka 1967 Julius Nyerere, katika maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, alilaumu elimu iliyomfanya kijana adhani kuwa maarifa yote yamo vitabuni, akataka shule ziwe na mashamba. Fikira hiyo ilikuwa njema. Lakini jembe peke yake si sayansi. Mtoto akilima tuta kwa amri, akavuna kwa amri na mavuno yakapelekwa kwingine, amefundishwa utii na uchovu. Tuta lile lile likigawanywa nusu mbili, nusu ikatiwa samadi na nusu isitiwe, watoto wakabashiri, wakapima urefu wa miche kila juma, wakabishana juu ya sababu, hapo mkono umefungamana na akili. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nathubutu kuongeza kuwa amali bila swali ni kama mzinga uliokimbiwa na nyuki: umbo lake lipo, uhai wake umekwisha.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni la hesabu. Mtoto mmoja akipewa saa ya mwalimu, wengine 59 wamenyimwa. Je, si dhuluma kumsikiliza mmoja? Hapa wema wawili hugombana, na mtu mwaminifu hana budi kuutazama ugomvi huo bila ya kujificha. Faida ya kumfundisha mtoto peke yake haina shaka. Mwaka 1984 Benjamin Bloom, mwanachuoni wa elimu wa Chicago, alitangaza kuwa mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa na mwalimu wake peke yake aliwapita kiasi cha wanafunzi 98 katika kila 100 waliofundishwa kwa desturi ya darasa. Uchunguzi uliofuata umeonyesha faida iliyo ndogo kuliko hiyo, lakini faida ipo. Kwa upande mwingine, Kenya ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2003, na Tanzania kabla yake kidogo, madarasa yalifurika. Watoto wale waliofurika ndio waliokuwa wakibaki nyumbani zamani. Atakayesema kuwa madarasa yalikuwa mazuri yalipokuwa na watoto wachache, na aseme pia ni mtoto wa nani angependa arudishwe nyumbani.

Jibu la matajiri latufahamikia. Wao humnunulia mtoto wao mwalimu wa jioni. Siwalaumu wazazi kwa kumpenda mtoto. Lakini yatazame matokeo yake. Usikivu wa mwalimu ukishakuwa bidhaa, mwalimu hupata sababu ya kuuficha mchana ili auuze usiku. Amana imegeuka kuwa biashara, na maskini anayeuliza swali mchana huonekana kama mtu aombaye bure kitu chenye bei.

Mimi naamini kuwa njia nyingine ipo, tena si ngeni kwetu. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, tangu zamani, mwalimu mmoja huketi na watoto wengi wa umri mbalimbali. Kelele hujaa ukumbini, na mgeni hudhani kuwa hapana utaratibu. Lakini kila mtoto ana ubao wake au juzuu yake, na kila mmoja yu mahali pake: huyu angali katika herufi, yule amekwisha kufika sura ndefu. Kwa zamu huja mbele ya mwalimu, akasoma peke yake, akasahihishwa peke yake, akarudi kukaa. Na waliotangulia huwasomesha waliofuata. Sisemi kuwa sayansi ifundishwe kwa kuhifadhi. Huko mtoto hulinda maneno yasiyobadilishwa, na huku hupima mambo yanayobadilika. Nasema tu kuwa wazee wetu walijua kumsomesha mmoja katikati ya wengi. Fundi wa majahazi naye alijua hivyo. Mwanafunzi wake hakupewa hotuba juu ya ubao. Alipewa ubao wenyewe, akaukosea, akaonyeshwa kosa lake kwa kidole.

Na tufanye hesabu. Darasa lina watoto 60, na somo lina dakika 40. Mwalimu akiugawa muda wake sawasawa, kila mtoto hupata sekunde 40, nazo hazitoshi hata kumsalimu na kumwuliza hali. Lakini tuseme darasa limegawanywa makundi, kila kundi na sahani yake na maharage yake, na katika kila somo mwalimu aketi na watoto wawili tu, kila mmoja dakika tatu, akiwauliza wameona nini na wanafikiri nini. Masomo matano kwa juma, majuma 12: hayo ni masomo 60, yaani zamu 120. Kila mtoto amepata zamu mbili, naye mwalimu ametumia dakika sita tu katika kila 40. Zamu mbili za dakika tatu ni kidogo. Lakini mvulana wangu hakuhitaji dakika sita. Alihitaji moja, na mimi niliitumia hiyo moja kumnyamazisha.

Wala hesabu hii si ndoto ya kalamu. Katika miaka ya 1960 ulianzishwa mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, ulioingia katika nchi kadhaa, Kenya ikiwa mojawapo. Watoto waliwekewa vitu vya kawaida vya mahali pao, wadudu, mchanga, mbegu, vitu vya kuelea na vya kuzama, wakaachwa wavichunguze, na mwalimu akapita kati yao akisikiliza. Eleanor Duckworth, aliyekuwa amejifunza kwa Jean Piaget mjini Geneva, aliupima mpango huo huko Kenya, na matokeo yake yakatolewa mwaka 1978. Hakuwapa watoto mtihani wa maneno. Aliwawekea vitu mezani akatazama watafanya nini. Watoto waliozoea kuchunguza walibuni mambo mengi zaidi, na yaliyofungamana zaidi, kuliko wenzao wasiozoea. Nalipenda jambo hili kwa sababu hata upimaji wenyewe uliheshimu haki ninayoieleza: hakuwauliza watoto wanakumbuka nini, aliwaacha waonyeshe wanaweza kufikiri nini.

Msomaji ataona kuwa sikudai mwalimu awe mjuzi wa kila kitu. Nimedai kinyume chake. Osborne hakuwa na jibu, na kwa kukosa jibu hakupungukiwa na kitu. Alisema kuwa atajaribu, akajaribu. Maneno "sijui, tupime" ni mepesi ulimini, walakini mwalimu huyaogopa kuliko radi, maana hudhani kuwa heshima yake itaanguka. Mimi nililinda heshima yangu siku ile. Leo najiuliza ilikuwa heshima ya namna gani, iliyoweza kuvunjwa na mtoto wa miaka kumi, mshumaa na maji kikombe kimoja.

Sikumwona tena mvulana yule ili nimwambie kuwa alikuwa sawa. Huenda ameyasahau maneno yake. Amana yake mimi nimebaki nayo, na mwenyewe simjui aliko. Nilichoweza kufanya katika miaka iliyonibakia ya kazi ni kubadili desturi moja. Kila mwaka nililileta tena jaribio la mshumaa darasani, sikuandika neno ubaoni, nikawapa kila kundi sahani yake na vipande vitatu vya mshumaa, kisha nikawauliza maji yamepanda lini. Si kila mwaka mtoto aliliona. Mara nyingine tulimaliza somo bila ya kufika, na kengele ikalia, na swali likabaki wazi mpaka kesho. Nilijifunza kuvumilia swali lilale wazi darasani usiku mmoja. Mwalimu anayenisoma leo, kesho mkono utainuliwa katika safu yake ya mbele, na muda utakuwa mfupi, na jibu huenda lisiwepo. Asiitazame saa kwanza.